Upinde wa Zamani: Namna ya Kuutazama na Kuutengeneza Tena



Katika nyumba nyingi za vijiji vyetu vya Katanga uko upinde wa zamani. Umewekwa juu ya jiko katikati ya moshi, au umesimamishwa pembeni nyuma ya mlango. Mwenyewe amezeeka au amekwisha kufa, na wana wake wamekwenda kuchimba shaba na kobalti. Hakuna anayeushika. Halafu siku moja ngedere wanaharibu mahindi, na kijana anaukumbuka upinde wa baba yake. Anautungua, anautia kamba, anauvuta kwa nguvu zake zote mpaka sikioni. Upinde unalia mara moja tu, nao umekatika vipande viwili. Kipande kimoja kimempiga usoni. Jicho lake likipona, na amshukuru Mungu.

Watu husema: «Upinde ulikuwa mzee, ndiyo maana umevunjika.» Sivyo. Upinde wa mti mwema huishi miaka mingi, ukitunzwa. Ulivunjika kwa sababu kijana aliuvuta kabla ya kuutazama. Basi shika neno hili, maana ndilo neno kubwa la mafundisho haya: kwanza tazama, halafu tengeneza polepole, mwisho vuta.

KWA NINI KUTENGENEZA UPINDE WA ZAMANI?

Pengine utauliza: «Kwa nini nisikate mti mwingine nichonge upinde mpya?» Sababu ziko tatu.

Sababu ya kwanza ni mti wenyewe. Upinde hautoki katika kila mti. Wazee wa kila nchi wana mti wao, na wengi wanaupenda mkole, kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu, nao hupinda bila kukatika. Lakini pori limekwenda mbali. Tangu shaba ilipoanza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, mji ulikua na watu wakaongezeka, na kuni na makaa yao vilitoka katika mapori yetu ya miombo. Mpaka leo magunia ya makaa yanapanda baiskeli na malori kila siku kwenda mjini. Mti mnyofu usio na macho mengi, ambao babu aliupata nyuma ya nyumba, mjukuu anautafuta kwa safari ndefu.

Sababu ya pili ni kazi. Mti mbichi haufai. Lazima ukauke kivulini miezi mingi, kisha uchongwe kidogo kidogo. Upinde wa zamani umekwisha kukauka na kuchongwa. Kazi kubwa imekwisha kufanywa na mtu aliyeijua kuliko wewe.

Sababu ya tatu ni heshima. Baluba wanasimulia habari za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na za mwana wake Kalala Ilunga aliyepata ufalme. Tena wafalme wao walikuwa na vishikio vya kuwekea pinde na mishale, vya mti au vya chuma, vilivyochongwa vizuri sana na kufichwa machoni pa watu. Watu wa namna hiyo hawakuona upinde kuwa kijiti tu. Basi na wewe usiutupe motoni bila kufikiri.

SEHEMU ZA UPINDE

Ili tusikilizane, tuzitaje sehemu zake. Upande unaotazama mnyama unaitwa mgongo. Upande unaokutazama wewe unaitwa tumbo. Katikati ni mshiko. Kutoka mshiko kwenda juu na kwenda chini ni mikono miwili. Mwisho wa kila mkono ni ncha, ambapo kamba inakaa. Kamba ya upinde inaitwa upote.

Ukivuta upote, mgongo unanyoshwa kama kamba inayovutwa na watu wawili. Tumbo linabanwa kama mtu aliyeinama kuchukua mzigo. Kwa hiyo magonjwa ya mgongo na magonjwa ya tumbo si mamoja. Mgongo hupasuka, tumbo hujikunja. Ukiyajua hayo, umekwisha kujua nusu ya kazi.

KUTAZAMA

Chukua upinde asubuhi, uutoe nje penye mwanga. Fungua upote wa zamani, uuweke kando, usiutumie. Pangusa upinde kwa kitambaa kikavu. Kama uchafu ni mwingi, lowanisha kitambaa kidogo, ukamue, pangusa, kausha mara moja. Usiutie upinde majini. Usiukwangue kwa mchanga ili ung'ae. Rangi nyeusi iliyotoka katika mikono ya wazee na katika moshi ni nguo yake.

Sasa pitisha kidole polepole kwenye mgongo wote, kisha kwenye tumbo lote. Kidole huona kile ambacho jicho halioni. Tafuta mambo manne: ufa, kibanzi kilichoinuka, mistari midogo inayokata mti kwa upana, na vitundu vya wadudu. Kila unapopata kitu, tia alama kwa kaa la moto lililozimika. Usianze kutengeneza kitu kabla ya kumaliza kutazama chote.

UGONJWA WA KWANZA: KUKAUKA KUPITA KIASI

Upinde uliokaa miaka juu ya moto umekauka mno. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, hewa ya Katanga nayo ni kavu sana. Mti wa namna hiyo unavunjika kama kijiti cha kuwashia moto.

Dawa yake ni kupumzika. Uondoe jikoni, ulaze kivulini mahali penye hewa, mbali na moto na mbali na jua, majuma mawili au matatu. Hewa yenyewe itaurudishia unyevu unaoufaa. Watu wengine wanaupaka mafuta ya mawese siku ile ile wakidhani wameuponya. Mafuta hayarudishi unyevu. Kazi yake ni kuzuia unyevu usiingie wala kutoka kwa haraka. Basi upumzike kwanza. Mafuta yatakuja mwisho, baada ya gundi zote, maana gundi haishiki penye mafuta.

UGONJWA WA PILI: KUPINDA NA KUPOTOKA

Uegemeze upinde ukutani bila upote, tumbo likielekea ukuta. Kama katikati pameachana na ukuta, au ncha zimerudi upande wa tumbo, umeshika mazoea ya kupinda. Upana wa vidole viwili au vitatu si ugonjwa, ni uzee tu. Ukizidi upana wa kiganja, upinde umepoteza nguvu, nao unaweza kunyoshwa.

Washa makaa mpaka yawe mekundu bila ndimi za moto. Paka mafuta kidogo mahali palipopinda. Shika upinde juu ya makaa, tumbo likitazama chini, kwa urefu wa viganja viwili. Usiuache umesimama mahali pamoja. Uupeleke huku na huku kama mtu anayechoma samaki wa kuuza, asiyetaka aungue. Mti ukiwa na moto hata kiganja hakivumilii kuushika, uondoe. Uweke gotini juu ya nguo nene, uusukume polepole kuupeleka upande wa pili, kupita unyofu kidogo. Ufunge hivyo kwenye mti mnyofu, uache mpaka kesho asubuhi. Ukiufungua ungali na moto, utarudi ulivyokuwa.

Mkono uliopotoka unanyoshwa kwa njia hiyo hiyo. Lakini usitie moto mahali penye ufa. Ufa utafunguka zaidi. Tena baada ya moto, upinde usitiwe upote siku saba. Moto umeukausha, lazima upumzike tena.

UGONJWA WA TATU: NYUFA

Hapa uangalie sana, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Ziko nyufa za namna mbili. Ufa wa kwanza unafuata nyuzi za mti kwa urefu, nao haufiki pembeni. Huo umetoka katika kukauka. Mara nyingi hauui upinde. Ufa wa pili unakata kwa upana, au unakwenda kwa mshazari mpaka unatokea pembeni mwa mkono. Huo, ukiwa mgongoni, ni kifo cha upinde. Nyuzi zinazonyoshwa zimekwisha kukatika. Ukiufunga kwa kamba, unazuia vibanzi visiinuke, lakini huunganishi uzi uliokatika. Upinde huo utavunjika siku utakapouvuta.

Ufa wa kwanza unatengenezwa hivi. Tafuta gundi ya ngozi. Chukua vipande vya ngozi ya mnyama isiyo na manyoya wala mafuta, uviloweshe majini siku nzima, uvipike kwa moto mdogo saa nyingi bila kuvichemsha kwa nguvu, mpaka maji yawe mazito. Chuja. Ikipoa itaganda, utaipasha moto tena wakati wa kuitumia.

Safisha ufa kwa maji kidogo ya majivu ili mafuta yatoke, uache ukauke kabisa. Ingiza gundi yenye uvuguvugu kwa unyoya wa kuku. Bana ufa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli uliouzungusha kwa nguvu, uache siku tatu.

Kisha funga kwa kano. Kano ni ile mishipa myeupe ya mgongoni na ya miguu ya nyuma ya mbuzi, ng'ombe au swala. Ikaushe, uiponde kwa rungu la mti juu ya gogo, uichane kuwa nyuzi nyembamba. Lowesha nyuzi katika gundi, uzungushe juu ya ufa, mzunguko mmoja ubavuni mwa mwingine, kupita mwisho wa ufa kwa upana wa vidole vinne kila upande. Kano ikikauka hujikaza yenyewe kuliko mkono wa mtu. Iache juma moja kivulini, kisha uipake nta ya nyuki ili maji yasiingie, maana gundi ya ngozi huyeyuka majini.

Kibanzi kidogo kilichoinuka mgongoni, chembamba kuliko upana wa kidole cha mtoto, kinashikishwa kwa njia hiyo hiyo. Kama ni kikubwa kuliko hapo, upinde usivutwe tena.

Wengine wanapiga msumari au wanafunga waya wa shaba, kwa kuwa waya ni rahisi kupatikana karibu na migodi. Acha. Msumari unafungua ufa mpya. Waya haunyoki pamoja na mti. Mti ukipinda, waya unauma ndani yake kama kisu.

UGONJWA WA NNE: MISTARI YA TUMBO

Tazama tumbo. Ukiona mistari midogo inayokata kwa upana kama mistari ya kiganja, nyuzi za pale zimebanwa mpaka zikajikunja. Maana yake ni kwamba mahali hapo peke yake panafanya kazi ya mkono mzima, na jirani zake ni wavivu.

Mtu asiyejua atapakwangua pale pale penye mistari ili pawe laini. Amekosa sana. Amemdhoofisha mgonjwa. Fanya kinyume: kwangua kidogo tumboni, juu na chini ya mahali hapo, pale pasipopinda. Wavivu watashika sehemu yao ya kazi, na mgonjwa atapumzika. Tumia kipande cha chupa iliyovunjika, ukishike kwa kitambaa. Ukwangue unga tu, si vipande. Usikwangue mgongo hata kidogo. Upinde utapungua nguvu kiasi, lakini utaishi. Kama mistari ni mingi na mirefu, hata ukucha unaingia ndani, mwache mzee apumzike.

UGONJWA WA TANO: WADUDU

Vitundu vidogo na unga mweupe chini yake ni kazi ya bungua. Piga mkono wa upinde kwa kijiti polepole toka mwanzo hata mwisho. Sauti ikiwa moja, mti bado mzima. Mahali sauti inapobadilika na kuwa kama ya kibuyu kitupu, ndani pamekwisha kuliwa. Upinde huo usivutwe. Kama vitundu ni vichache na sauti ni nzuri, uning'inize katika moshi siku chache, ukung'ute unga, uzibe vitundu kwa nta. Unga mpya ukitokea baada ya mwezi, wadudu wangali hai. Weka upinde huo mbali na pinde nyingine na mbali na mipini ya majembe.

NCHA NA UPOTE

Ncha iliyolika haishiki upote. Usichimbe zaidi, maana ncha ni nyembamba. Jenga ngazi ndogo kwa kano na gundi, au kwa ukanda mwembamba wa ngozi mbichi uliofungwa ukiwa umelowa. Ukikauka unakuwa mgumu kama pembe, na upote utakaa juu yake.

Upote wa zamani usiuamini. Upote ukikatika wakati wa kuvuta, mikono ya upinde inaruka bila kizuizi, na upinde wenyewe unaweza kupasuka. Tengeneza mpya. Chukua ngozi mbichi ya mbuzi iliyokwisha kuondolewa manyoya, ukate duara, kisha ukate ukanda kwa kuzunguka toka pembeni kwenda katikati. Hivyo utapata ukanda mrefu bila fundo. Uukate sawasawa, maana mahali pembamba ndipo patakapokatika. Uusokote ukiwa umelowa, uufunge kati ya miti miwili, uning'inize jiwe katikati, uache mpaka ukauke. Kisha upake nta. Kamba ya nailoni inanyoka mno, na waya wa breki ya baiskeli unakata ncha. Vyote viwili havifai.

Upote mzuri, ukiwa mahali pake, unaachana na mshiko kwa kipimo cha ngumi moja na kidole gumba kilichosimama, karibu sentimita 15. Kamba inayobaki usiikate. Izungushe kwenye mkono wa upinde, kama wazee walivyofanya. Ni akiba yako porini.

KUJARIBU

Sasa vuta, lakini kwa adabu. Mwite ndugu yako asimame pembeni, hatua tano, si mbele ya upinde. Usiweke mshale. Vuta kidogo tu, robo ya safari, urudishe polepole kwa mkono. Fanya hivyo mara ishirini. Ndugu yako atazame kama mikono miwili inapinda sawasawa, kama mwezi mchanga. Mkono mmoja ukiwa mgumu, kwangua tumbo la huo mgumu, mara chache, kisha ujaribu tena mara ishirini. Kesho yake vuta nusu. Kesho kutwa vuta robo tatu. Ukisikia sauti ndogo kama ya kijiti kinachokatika, acha papo hapo, urudi kutazama kwa kidole.

Usivute kupita urefu wa mshale wako. Tena usiachie upote bila mshale hata siku moja. Nguvu ambazo zingekwenda na mshale zinarudi ndani ya mti na kuuvunja. Watoto wanapenda mchezo huo, wakatazwe.

KUTUNZA

Upinde ukipona, upake mafuta kidogo, uupanguse. Ufungue upote kila jioni. Upinde uliolala na upote wake unaamka dhaifu. Usiusimamishe pembeni, bali uulaze juu ya vigingi viwili au vitatu, mbali na jiko na mbali na ukuta wenye maji wakati wa mvua.

Neno la hatari: podo la zamani pengine lina mishale yenye sumu ya ulembe. Sumu hiyo yaweza kubaki na ukali miaka mingi. Usiguse vichwa vya mishale kwa mkono mtupu, wala usivinoe. Viweke mbali na watoto, umwulize mzee anayevijua.

Tena upinde mzima hauondoi sheria. Uwindaji katika Kongo unatawaliwa na sheria ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982, na katika mbuga za Upemba, iliyowekwa mwaka 1939, na Kundelungu, iliyowekwa mwaka 1970, kuwinda kumekatazwa. Kabla ya kwenda porini, uulize kwa chifu na kwa mkubwa wa kazi ya mazingira ni nyama gani na miezi gani imeruhusiwa.

UPINDE USIOPONA

Pengine umetazama, na umeona ufa unaokata mgongo. Usihuzunike, wala usijidanganye. Upinde huo kazi yake ya kuwinda imekwisha, lakini kazi yake ya kufundisha haijaisha. Upanguse, uziba vitundu, uutundike mahali pakavu bila upote, ili mtu asishawishike kuuvuta. Usimpe mnunuzi wa vitu vya zamani kwa bei ya sabuni. Siku utakapopata mti mnyofu, uulaze ubavuni mwa upinde huo, upime urefu wake, unene wa mshiko na wembamba wa ncha, uchonge kwa kuufuata. Mzee aliyeuchonga hayupo tena kukuambia vipimo, lakini aliviacha vyote ndani ya mti. Wewe ukiuchoma leo, mwana wako ataanza bila kitu.